Bibi Harusi wa Ukumbi wa Nyeri

"Baba amekataa unioe, Kingori. Ati hawezi pea mwanamke msichana yake."

Wamucii alisema hayo akilia, wakiwa wamesimama nyuma ya soko la Nyeri. Ilikuwa 1966, na jamani, miaka ile mchezo wa kuigiza ulijaza ukumbi kuliko harusi! Wasichana walikatazwa na wazazi kupanda jukwaani, basi Kingori ndiye aliyevaa gauni. Alicheza bibi harusi mara nyingi hata wauza viazi wakamwita hivyo hivyo, Bibi Harusi. Zamani alicheka nao. Siku hiyo jina lilimchoma.

"Safari hii nacheza mwanaume," alisema. "Selpha, ule nesi, hana wa kumkataza, amekubali kuwa bibi. Mimi ni bwana yake, anarudi kutoka kizuizini, kule mkoloni alifungia watu. Lakini Mwalimu Wasike, mwenye mchezo, ameniambia, watu wakicheka, narudia gauni yangu."

"Na utafanya aje?"

"Sijui. Baba yangu hakurudi. Wako alirudi namna gani?"

Wamucii aliangalia nyuma kama kuna mtu. Kwao habari hiyo haikuguswa kabisa.

"Alisimama tu nje ya mlango, mikono nyuma. Mama anamwita, ananyamaza. Mpaka mimi nikamshika nikamwingiza. Usiambie mtu."

Jumamosi alasiri ukumbi ulifurika. Mzee Theuri, babake Wamucii, alikaa mbele na bintiye. Kingori alipotokea, mtu akapaza sauti, "Bibi Harusi!" Vicheko vikaanza.

Mchezo ulitaka akimbie amkumbatie mkewe. Hakukimbia. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, macho chini. Selpha alimwita mara mbili, mara ya pili sauti ikamtetemeka kwelikweli. Hakuna aliyecheka tena. Mzee Theuri akainuka, akatoka nje.

Pazia liliposhuka, Wamucii alimfuata Kingori nyuma ya jukwaa, akiwaka kwa hasira.

"Nilikuambia wewe peke yako! Umemvua baba yangu nguo mbele ya watu!"

"Nisamehe. Sikuwa na mwingine wa kufuata."

Mlango ukafunguka. Mzee Theuri aliingia, kofia mkononi.

"Kijana, nani alikuambia?"

"Ni mimi, Baba," Wamucii alijibu.

Mzee akakaa juu ya sanduku la nguo za mchezo.

"Mama yako alifikiria nimemchukia," alisema. "Alikufa akifikiria hivyo. Na mimi nilikuwa nangoja ruhusa tu. Miaka sita kule kizuizini, huwezi ingia mahali mpaka askari aseme. Sikujua vile naweza mwambia."

Wamucii alipiga magoti akamshika baba yake mikono. Hakuwa amewahi kumwona akilia.

"Leo huyu amenisemea," mzee alisema, akimwangalia Kingori. "Jumapili ijayo lete watu wenu nyumbani, tuongee mambo ya harusi."

Wamucii alijibu kabla Kingori hajafungua mdomo.

"Watakuja, Baba."