Kioo Juu ya Ufa

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika asubuhi ile. Mafundi walipiga kelele, mabati yaligongana, na kila mtu alidai kwamba yeye ndiye aliyetangulia. Katikati ya msongamano huo alisimama Msusi, gauni la zambarau limemkaa hasa, kitana bado kimechomekwa nywelani kwa kuwa ametoka saluni mbiombio. Mkononi alishika kopo la dawa ya kuzibia nyufa.

"Dada, hilo kopo ni la ngapi?" sauti ilimuuliza kwa nyuma.

Aligeuka. Alikuwa kijana mrefu, fundi mwashi kwa jinsi shati lake la samawati lilivyojaa madoa ya chokaa, na macho yake yalikuwa ya utani.

"Kwani unanilipia?"

"Ningekulipia, ila naona nitakuwa nakununulia poda. Ukuta mgonjwa hautibiwi kwa poda."

"Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenu hawakukufundisha?"

"Walinifundisha. Lakini huo wako umetoka wapi?"

Msusi alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Hakujua. Tangu mvua zianze alikuwa akiziba, na kila alipoziba ufa ulirudi pale pale, mrefu kidogo kuliko jana. Basi akampa Fundi namba ya simu. Alijiambia ni kwa ajili ya ukuta tu, na hapo alijidanganya mchana kweupe.

Jumapili Fundi alikuja. Msusi aliishi na mama yake kwenye ghorofa la zamani, juu ya duka la vitambaa. Mama alikuwa mjane nadhifu, mwenye maneno machache, na ukuta wa sebule yake ulijaa picha za marehemu mumewe kwenye fremu. Fundi aliugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza kama daktari. Halafu akauliza nani alivunja ukuta wa chini.

"Mwenye duka alitaka kulipanua," Mama alisema. "Zamani kidogo."

Fundi alitoa kipande chembamba cha kioo, akakibandika kwa gundi kukatiza ufa, upande huu hadi ule.

"Huyu ndiye mlinzi wenu. Ukuta ukisogea hata kwa unywele, kioo kinavunjika. Siku kikivunjika, mnahama siku hiyo hiyo. Msiseme kesho."

"Na kisipovunjika?" Mama aliuliza.

"Basi utakaa hapa mpaka mjukuu wako aote ndevu."

Jibu hilo la pili ndilo lililomwingia Mama.

Mapenzi nayo hayakungoja gundi ikauke. Simu ziliita tangu Msusi anafungua saluni.

"Mlinzi wangu anaendeleaje?"

"Mzima. Na bosi wake?"

"Bosi hali, halali. Kuna msusi kamsuka moyo, kamwachia mafundo."

"Niache bwana, nina kichwa cha mtu mkononi!"

"Changu utakishika lini?"

"Ukikiosha hiyo chokaa, mpenzi."

Wateja walikuwa wakichekea kwenye vioo. Msusi naye alikuwa na furaha, asikwambie mtu. Lakini kila jioni, akipanda ngazi, furaha ilibaki mlangoni. Mlango wenyewe ulianza kukwaruza sakafu. Wa bafuni ukakataa kufunga kabisa. Nyuma ya ukuta kulisikika mlio mdogo, mkavu, kama mtu anayealisha vidole polepole, na ukisikika, Mama huongeza sauti ya redio.

Jirani wa juu yao, Mama Pacha, alishuka mara kwa mara, vumbi la dari limemtapakaa mabegani.

"Dada, tuhame au tukae?"

Mama alimshika mkono hadi ukutani. "Angalia mwenyewe. Kioo kizima." Mama Pacha alishusha pumzi, akarudi kwa watoto wake. Wengine nao walikuja, wakaoneshwa, wakaridhika. Kioo cha Fundi kikawa ndicho kinachowalaza watu wa jengo zima.

Fundi aliporudi kukagua, aliuingiza ukucha kwenye ufa. Ukaingia wote. Alikitazama kioo, akautazama ufa, uso ukamsawijika.

"Hameni," alisema kwa sauti ya chini. "Njooni kwangu kwanza, tutapanga mengine baadaye."

"Kioo kimevunjika?" Msusi aliuliza.

"Hakijavunjika. Sielewi kwa nini."

"Kumbe! Mlinzi wako mwenyewe anasema tuko salama. Wewe umechoka kunisubiri, sasa unatumia ufa kunihamishia kwako. Na Mama nimwache na nani?"

"Nimesema njooni, wote wawili! Unadhani naweza kukuchezea na kitu kama hiki?"

"Sijui unaweza nini."

Fundi alivaa kofia yake, akashuka ngazi bila kuaga. Simu yake haikuita tena. Msusi alisuka nywele za watu kwa hasira hadi mteja mmoja akamwambia, "Dada, ngozi hiyo bado naihitaji." Alimkumbuka Fundi mpaka chakula kikamshinda, lakini kiburi nacho ni ugonjwa, kilimzuia asimpigie simu.

Alasiri moja umeme ulikatika, akafunga saluni mapema. Mama alikuwa sokoni. Ili asikae bure na mawazo, alichukua kitambaa apanguse picha za baba yake. Kitambaa kiligusa karatasi, kikaikwaruza. Fremu haikuwa na kioo. Akajaribu ya pili, nayo vile vile. Zote zilikuwa wazi, na baba yake alimtazama bila kitu mbele yake.

Msusi aligeuka kukitazama kile kipande juu ya ufa, akakitambua: kioo cha fremu.

Mama alimkuta amekaa sakafuni. Aliona kitambaa mkononi mwa binti yake, akaelewa. Aliweka kikapu chini, akakaa kitini.

"Mara ngapi, Mama?"

"Kila kilipovunjika. Sikutaka kuhesabu."

"Utatuua!"

"Niliingia humu bi harusi, mwanangu. Baba yako alifia chumba kile. Nikitoka hapa, nitamkumbukia wapi?" Mama alilia, na Msusi hakuwa na moyo wa kumgombeza. Alishika simu.

"Nakusikiliza," Fundi alijibu, sauti imemkauka.

"Kimevunjika."

"Lini?"

"Zamani. Mama alikuwa anabadilisha. Nisamehe."

"Tokeni. Usichukue hata kiatu. Nakuja."

Lakini Mama hakutoka. Fundi alifika anahema, akamkuta Msusi anamvuta mama yake mkono, na nyuma yao ukuta unalia bila kupumzika.

"Nitatoka hapa nimebebwa," Mama alisema.

Fundi alivuta kiti, akaketi mbele yake. "Basi tutabebwa wote. Mama, nimekuja kumposa binti yako. Ila humu ndani siposi. Ukitaka kunikatalia, nikatalie kule nje."

Mama alimtazama, kisha akamtazama binti yake, aliyekuwa bado ameushika mkono wake. Akainuka. Alichukua picha moja tu, wakashuka.

Walipofika barabarani, Mama Pacha aliwachungulia kutoka dirishani kwake juu, akacheka. "Dada, safari na picha? Si umeniambia jana kioo kizima?"

Mama alisimama. Mtu aliyejiheshimu maisha yake yote alipaza sauti hadi wapita njia wakageuka: "Nilikuwa nakibadilisha! Kilivunjika, nikaweka kingine! Nimewadanganya, tokeni! Tokeni na watoto!"

Kicheko kilikatika. Madirisha yalifunguka, ngazi zikajaa miguu, vilio, matusi. Mama Pacha alitoka na pacha wake kiunoni na mgongoni. Wa mwisho walikuwa hawajavuka barabara ukuta wa nyuma ulipojikalia chini, na sakafu zikaufuata. Vumbi lilifunga mtaa.

Ndani ya vumbi hilo Msusi alimpapasa Fundi, akamshika.

"Ulisema umekuja kufanya nini?"

"Kuposa." Alipangusa vumbi machoni. "Nina vyumba viwili tu."

"Vina ufa?"

"Havina."

"Nimekubali. Mwambie Mama."

Mama hakuwasikia. Alikuwa akipita kwa majirani, picha kwapani, akimshika kila mmoja bega na kumwita. Wengine waliusukuma mkono wake, naye alingoja hadi waitike. "Mama Pacha, watoto wako?"

"Hawa hapa. Niondokee."

"Niwaone." Akawaona wote wawili, akaenda kwa mwingine. Alipowamaliza, alirudi kwa wa kwanza, akaanza upya.