Jua Lililofika Mapema

"Haya, Fundi Lifti, jua lako hilo nalituma. Lipokee!"

Ndivyo nilivyomuaga mchumba wangu kwenye simu kila jioni nikifunga duka la miwani la shangazi. Mji alikokwenda kutengeneza lifti uko magharibi, saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa mbili. Likizama kwangu, kwake bado linawaka, na maduka ndiyo kwanza yanafunguliwa baada ya usingizi wa mchana. Baadaye, nikiwa naosha vyombo, ujumbe ulikuwa unaingia: "Limefika, Macho Manne. Limefika zima." Macho Manne ni mimi, kwa sababu ya miwani.

Jioni ile alijibu haraka mno.

"Mbona huku giza tayari? Hata..."

Akakohoa.

"Giza?" nikauliza.

"Mawingu. Mvua inataka kunyesha."

Nyuma yake sauti ya mwanamke ikaita, "We, njoo ule, chakula kinapoa!"

"Nani huyo?"

"Jirani."

"Jirani anakupakulia? Si uliniambia huko chakula cha jioni huliwa sisi tumeshalala?"

Simu ikakatika.

Shangazi aliacha kufuta kioo cha kabati. "Jumamosi wazee wake wanakuja kukuposa. Nimwambie baba yako nini?"

"Usimwambie kitu, shangazi. Bado."

Mimi ni mtu wa kumeza maneno. Hata nikirudishiwa chenji pungufu nanyamaza. Lakini jioni ile nilimwandikia:

"Uko mji huu. Uko na nani?"

Akasoma. Kisha:

"Niko kwa dada. Nisamehe."

Dada yake anakaa ghorofa ya tano, mtaa wa nyuma yetu. Nilikwenda karibu nikimbie. Nikasimama chini, mbele ya lifti, nikampigia.

"Shuka."

"Macho Manne, kesho nita..."

"Shuka, au Jumamosi wazee wako wasije."

Nikaukodolea macho mlango wa lifti. Ilikuwa nzima, mama mmoja aliingia na ndoo yake akapanda. Yeye akaja kwa ngazi. Nilisikia viatu vyake vikishuka polepole, ghorofa baada ya ghorofa, mpaka akatokea, jasho linamtiririka, amekonda.

"Una mke huko?"

"Mke? Haki ya Mungu, sina!"

"Umerudi lini?"

"Mwezi unakwisha."

"Mwezi! Na kila jioni ulikuwa unakaa hapo juu ukisubiri saa mbili zipite ndipo uniandikie limefika? Jua tulilolitazama wote?"

Akainama.

"Niliporomoka na lifti," alisema. "Nilitoka mzima. Lakini tangu siku ile mlango ukijifunga tu, pumzi zinaniisha. Nikaacha kazi. Ningekuambiaje? Fundi lifti anayeogopa lifti! Baba yako angenicheka."

"Angekucheka, halafu angekukaribisha chai. Na mimi je? Njia nzima nimekuja nikiwapa majina watoto wa mke wako!"

"Hata dada amenisema sana."

"Hajakusema vya kutosha."

Alitaka kutabasamu. Aliponiona sitabasamu, akaacha.

"Waje," nilisema. "Ila kabla hawajafungua mdomo, wewe mwenyewe utamwambia baba kwamba huna kazi, na kwa nini. Ukimficha, nainuka nakuacha hapo hapo sebuleni."

"Nitasema."

Jumamosi alisema. Wajomba zake walitazamana; hata wao hawakujua. Alianza upya mara mbili, nami nilikuwa mlangoni nimeshika sinia. Baba alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kazi utatafuta nyingine?"

"Nimeshaanza kuulizia, mzee. Mafundi umeme, huku huku chini."

"Na ngazi unaziweza?"

"Naziweza."

"Basi karibu. Nyumba hii haina lifti."

Sebule nzima ikaangua kicheko, na yeye akacheka huku akijifuta macho. Dirishani mwanga ulikuwa unageuka mwekundu. Simu yangu ikatetemeka juu ya sinia, naye alikuwa amekaa pale pale mbele yangu, kainamia yake:

"Limefika, Macho Manne."

Nikachungulia nje. Ndiyo kwanza lilikuwa linazama.