Ghorofa ya Madame Eleni

Jua lilikuwa linazama upande wa Goma tulipopanda ngazi za Madame Eleni, mimi na mke wangu Mukamazimpaka, mapazia tumeyabeba mabegani.

Mimi naitwa Faradji, fundi cherehani. Mwaka ule wa hamsini na sita, kazi nzuri za Gisenyi zilitoka kwa Wazungu wa barabara ya ziwani, na pale hapakuwa na nyumba iliyosifiwa kama ile. Ghorofa yote ya juu ilikuwa inauzwa. Sakafu ya mbao iliyong'arishwa mpaka unajiona uso. Milango ya vioo. Roshani ya chuma kilichosokotwa kama maua, na ziwa lote chini yako. Mwenyewe, mjane wa Mgiriki, alikuwa amehamia hotelini. Wanunuzi walikuja hata kutoka Bukavu. Waliingia wakicheka, wakatoka midomo imewakauka, na hawakurudi. Madame akaona labda mapazia mapya yatasaidia.

Bizimana, zamu aliyelinda pale usiku na mchana, alitufungulia mlango. Yeye mwenyewe hakuvuka kizingiti.

"Fundi," alinong'ona, "kama mutu anakuita huku ndani, usiitike."

"Mutu gani? Si nyumba iko tupu?"

"Iko tupu. Usiitike tu."

Nilicheka. Tukaanza na sebule, mimi juu ya ngazi ya mbao, mke wangu akinipa pete za pazia moja moja. Mwanga ulikuwa unafifia. Ziwa lilitulia kabisa.

Kisha ikaja harufu.

Siagi. Ile siagi ya ng'ombe ambayo mama wa kwetu humpaka mtoto baada ya kumwogesha. Ilitoka chumba cha ndani, ambacho mlango wake ulikuwa umefungwa.

Mke wangu alisimama, pete mkononi. Masika yaliyopita surua ilimchukua binti yetu Mwajuma, mtoto wetu wa pekee. Tangu siku hiyo siagi haikuingia nyumbani kwetu.

"Mama..."

Nilishika ngazi kwa mikono miwili.

"Mama, uko wapi?"

Ilikuwa sauti ya Mwajuma. Si ya kufanana. Ni yake, na ule ukwaruzo wa koo alioupata katika siku zake za mwisho.

"Usiitike," nilimwambia mke wangu. "Mama Mwajuma, nakuomba. Nyamaza."

Pete zilianguka, zikabingirika sakafuni.

"Niko hapa, mwana wangu! Niko hapa!"

Alikimbia, akausukuma mlango. Nilimfuata. Chumba kilikuwa kitupu. Ukuta mweupe, dirisha limefungwa, basi. Sauti ilikatika kama uzi. Nilimgeuza mke wangu nimtazame, nikidhani nitaona machozi.

Alikuwa anatabasamu.

Tangu mazishi sikuwa nimeliona tabasamu lile. Liliniogopesha kuliko ile sauti.

Kuanzia siku hiyo, ikifika magharibi alikuwa haonekani. Nilifunga mlango kwa kufuli, akatoka kwa kupitia dirishani. Nilimpeleka kwa Shehe Muhamadi. Akamsomea, akampa maji ayanywe. Aliyanywa kwa adabu, akashukuru, na jua lilipoinama akaondoka. Ndugu zake walimchukua wakampeleka kwao Kanzenze. Alirudi kwa miguu, nyayo zimepasuka. Nilimwendea Bizimana nikamsihi asimfungulie. Akaniapia kwamba mlango ule hajaufungua tangu siku ya mapazia.

Chakula alikigusa tu. Mifupa ya mabega ilianza kuonekana chini ya kitenge.

"Anasema nini na wewe huko?" nilimuuliza asubuhi moja.

"Ananiomba nikae naye mpaka alale. Anaogopa giza, Baba Mwajuma. Nani atakaa naye?"

"Yule si mutoto wetu."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama kipofu.

"Mi nilimuzaa," alisema. "Mi najua."

Nilikwenda hotelini kwa Madame Eleni. Alinipokea barazani, amevaa nguo nyeusi. Nilimuuliza kwa nini anauza nyumba nzuri vile.

"Mume wangu alifia mule," alisema kwa Kiswahili chake cha dukani. "Kila jioni alikuwa ananiita. Mi sikuitika, niliogopa. Lakini nilikaa, nikasikiliza, miaka yote. Sasa haniiti tena. Nyumba iko kimya kwangu." Akasita. "Bibi yako... aliitika?"

"Aliitika, Madame."

Alifanya ishara ya msalaba. Akanishika mkono, yeye Mzungu, mbele ya watumishi wa hoteli.

"Si yeye, fundi. Hata kwangu, nafikiri hakuwa yeye. Kimbia."

Nilikimbia. Jua lilikuwa limekwisha zama. Bizimana alikuwa chini ya ngazi, analia kimya kimya. Nilipanda, nikaupiga mlango kwa bega mpaka kitasa kikavunjika.

Harufu ya siagi ilikuwa nzito, inakaba.

Mke wangu alikuwa ameketi chumba cha ndani, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. Mikono ameikunja kifuani, kama anayempakata mtoto. Mikononi hapakuwa na kitu.

Mwili wake ulikuwa wa baridi.

Daktari wa hospitali alisema ni mazuku. Sisi wa hapa tunayajua mazuku, ule upepo mbaya unaotoka ardhini, unaoua mbuzi mabondeni asubuhi za kimya. Nilitaka kumwamini. Lakini mazuku hulala chini. Hayapandi ngazi. Bizimana alikuwa akilala kwenye mkeka chini ya ngazi zile zile, na kila asubuhi aliamka mzima. Nilimwambia daktari hayo. Akaosha mikono, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Nilimzika kando ya Mwajuma. Watu walinifariji kwamba sasa wako pamoja, na mimi nikalishika neno hilo. Sikuwa na lingine la kushika.

Baada ya arobaini, jioni moja nikitoka kupeleka suruali ya mteja, nilipita chini ya roshani ile. Ghorofa ilikuwa bado inauzwa. Milango ya vioo imefungwa, mapazia yangu yamening'inia, hayatikisiki. Bizimana alikuwa amekwisha acha kazi.

Niliongeza mwendo.

"Baba Mwajuma..."

Nilisimama. Nilijiziba mdomo kwa viganja viwili, nikauma nyama ya mkono mpaka nikasikia chumvi ya damu. Ilikuwa sauti ya mke wangu, imechoka, inahema, kama ya mtu aliyetafuta chumba hadi chumba, akarudi, akatafuta tena.

"Baba Mwajuma... mutoto haiko huku."