Kiarabu cha Yusrah

Kila alasiri Mudi alinawa miguu bombani, akavua kandambili na kuwahi mkeka wa mbele katika madrasa yao pale Mikumi. Ustadhi Abubakari aliwasomea maneno ya Kiarabu mara moja tu, nao wakayarudisha kwa kichwa. Mudi alikuwa hodari, tena mwenye maringo kidogo.

Kisha akaja Yusrah, aliyelelewa Maskati na shangazi yake. Ustadhi akampa nafasi ya kwenda Kilosa kwenye mashindano ya kurudisha maneno, nafasi ambayo Mudi aliimezea mate tangu Ramadhani. Lakini kwenye mazoezi Yusrah alirudisha maneno machache tu, akakwama.

Mudi akaingiwa na shaka. Walipotoka nje akamtega. "Dirisha kwa Kiarabu linaitwaje?"

"Dirisha," Yusrah akajibu.

Watoto wakaangua kicheko.

"Kitabuni ni nafidha!" Mudi akafoka. "Maskati umeiona kwenye simu tu. Mwongo mkubwa!"

Yusrah alijifunika ushungi usoni, akalia. Mudi hakumhurumia hata chembe. Alikwenda moja kwa moja kwa Ustadhi.

"Ustadhi, yule anatudanganya. Mtoe kwenye mashindano."

Ustadhi aliwaita wote wawili. Akasoma maneno mengine, ya jikoni na sokoni, kama wanavyozungumza watu wa Maskati. Mudi alishika mawili, mengine yakamponyoka. Yusrah aliyarudisha yote, mpaka la mwisho.

"Huko Maskati, majumbani, dirisha huitwa dirisha, kama kwetu," Ustadhi alisema. "Kiarabu cha kitabuni ni kingine, na sikio lake halijakizoea. Mudi, bibi yako akikutuma dukani kwa Kividunda, lugha yenu ya nyumbani, unasahau kitu?"

"Sisahau, Ustadhi."

"Na ukitumwa kwa Kiingereza?"

"Nitasahau nusu," Mudi akakiri. Aibu ilimshika, akamwomba Yusrah radhi mbele ya watoto walewale waliocheka. Tangu siku hiyo alimsomea maneno ya kitabuni kila alasiri, mpaka yakamkaa.

Kule Kilosa Yusrah hakukwama hata mara moja, akatwaa ushindi. Aliyepiga takbiri kwa sauti kuliko wote alikuwa Mudi.

Wakiwa njiani kurudi, Ustadhi alimshika Mudi bega. "Shaka si dhambi, mwanangu. Lakini ukimshuku mtu, muulize na umsikilize kwanza. Wewe ulikuwa umeshamhukumu. Ungemharibia jina mtoto wa watu, na leo tungerudi mikono mitupu."