Swali la Nesi Wafaa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Advera alifagia uwanja, akachota maji, akampikia mama yake uji. Mama Advera alikuwa na mawe kwenye nyongo, na maumivu yalimfanya ashindwe hata kufika kwenye jaruba lao la mpunga pale Igunga. Likizo ilipoanza, wawili hao walipanda basi kwenda hospitali, Tabora. Mama alitapika tangu Nzega mpaka stendi. Haikuwa ajabu, maana yeye na basi hawajawahi kupatana.

Wodini, nesi Wafaa alifungua faili. "Mama, daktari atatoboa matundu madogo tu tumboni, hatapasua pakubwa. Ukisafiri kwa gari huwa unatapika?"

"Sitapiki, mwanangu," mama akajibu, macho makavu.

Advera alitaka kusema, mama akamfinya. Nesi alipoondoka, mama akanong'ona, "Nyamaza. Wakijua natapika watanirudisha nyumbani na mawe yangu."

Advera akanyamaza, ingawa roho ilimsuta.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Lakini mama alipozinduka alianza kutapika, akatapika tena na tena, huku ameshikilia tumbo lenye vidonda vibichi. Hata maji hayakukaa. Advera aliogopa sana. Aliona anampoteza mama yake kwa sababu ya neno alilolimeza. Akamfuata nesi huku analia.

"Nesi, mama hakukwambia kweli, na mimi nikanyamaza. Kwenye basi hutapika kila safari."

Nesi hakumgombeza. Alimwita daktari, na mama akachomwa sindano ya kuzuia kutapika. Jioni alikunywa maji kidogo kidogo, yakatulia. Asubuhi akaomba uji.

"Wanawake wengi hutapika baada ya upasuaji wa namna hii," nesi akawaeleza, "na wanaotapika safarini ndio zaidi. Ningejua, ungepewa dawa mapema. Hakuna ambaye angekurudisha nyumbani. Tunauliza ili tuwatibu vizuri, kwa hiyo mtu wa hospitali mwambieni ukweli. Nawe Advera, useme hata kama mkubwa amekukataza."

Mama aliona aibu. Akamshika binti yake mkono.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikufundisha vibaya." Kisha akamgeukia nesi. "Hebu lete faili lako. Kuna vidonge fulani huniletea vipele mwili mzima, na hilo nalo sikulisema."

Nesi akavuta kiti, akatoa kalamu.