Fundo la Tumbaku

Kabati la chuma lilikuwa limefungwa vizuri, ufunguo uko mahali pake, na faili la mtoto halimo.

Inspekta Jerono wa idara ya upelelezi, Kitale, alilizunguka kabati mara mbili. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Machi 2007, na kesi ilikuwa Jumatatu. Ndani ya faili hilo mlikuwa na fomu ya P3, ile ya polisi ya kuthibitisha majeraha, aliyoijaza daktari. Bila fomu hiyo Mbogo, mwenye shamba kule eneo la Kwanza, angetoka kizimbani akijipangusa vumbi tu. Na Jeruto, msichana wa miaka tisa, angerudi kuishi ng'ambo ya ua wa mtu aliyemharibia utoto.

"Nakala ziko wapi?" Jerono aliuliza.

"Zilikuwa humo humo," alijibu Gladwell Nyaruai. "Kosa ni langu."

Wakili huyu wa serikali alikuwa amewashtaki watesi wa watoto miaka kumi na miwili, kuanzia Bungoma hadi Kitale. Wanaume wazima walivuka barabara wakimwona. Wengine hutundika vyeti ukutani. Yeye alitunza mafaili ya kesi alizoshinda kabatini humo, kila moja limefungwa utepe mwekundu kwa fundo kama la kamba ya kiatu.

Koplo Kiplimo alinyunyiza unga wa alama za vidole. Alama zilizojitokeza zilikuwa za watu wa ofisi tu: Nyaruai, karani wake Tonny, na Peris, mama wa chai na usafi.

Jerono alianza na Kabiru, mdogo wake Mbogo, aliyeonekana hapo Ijumaa.

"Ulifuata nini?"

"Nilitaka tukae chini na familia ya mtoto, tuelewane kinyumbani. Wakili akanifukuza."

"Ukarudi?"

"Nirudi aje, afande? Si alisimama kwa mlango mpaka nikawasha gari."

Tonny alithibitisha hayo. Jerono hakumpenda Kabiru hata chembe, na kumtia pingu kungemburudisha roho, lakini mtu hafungwi kwa kuchukiza.

Akarudi kwenye kabati. Safari hii aliangalia vilivyobaki. Faili moja la mwaka 2001 lilikuwa limefungwa kivyake, kana kwamba mtu alilifungua akalifunga upya: utepe ulizungushwa mara mbili, ukapitishwa katikati, ukavutwa kwa chini. Fundo hilo alilijua. Alipokuwa konstebo Malakisi aliwaona akina mama wakifunga hivyo hivyo majani ya tumbaku kwenye fito, vidole vikifanya kazi na midomo ikipiga soga.

Akalifungua. Mlalamikaji, Fridah Khaemba, miaka kumi na mmoja. Mshtakiwa alifungwa miaka kumi na minne. Chini ya orodha ya mashahidi paliandikwa: "Shahidi wa pili, mama wa mtoto. Hakuitwa."

Alimkuta Peris jikoni, anasuuza vikombe vilivyokuwa safi tayari. Nyaruai alimfuata na kusimama mlangoni.

"Mama, kwenu ni wapi?"

"Bungoma huko."

"Bungoma ni kubwa."

"Malakisi."

"Hapa wanakuita Peris. Nyumbani wanakuita mama nani?"

Kikombe kilitua ndani ya karai. Kwa miaka minne alikuwa amewapikia chai watu wa ofisi ile, na katika nchi ambayo mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake, hakuna hata mmoja aliyemuuliza swali hilo.

"Mama Fridah," alisema.

Nyaruai alishika fremu ya mlango.

"Faili liko wapi, Mama Fridah?"

"Kwa nyumba, chini ya godoro. Nilitaka kuchoma. Nikaona jina ya mutoto, nikashindwa."

"Mbogo alikutuma?"

"Mbogo aoze jela. Nilifanyia huyo musichana. Sikutaka asimamishwe mbele ya watu."

Akaeleza taratibu, macho yake kwenye karai. Mwaka ule yeye alikuwa shahidi, na shahidi haruhusiwi kusikiliza wenzake. Basi alikaa kwenye benchi nje ya mahakama siku mbili, sweta ya Fridah mapajani. Ndani kulijaa majirani na watu wa kanisa. Wakili wa utetezi alimwambia mtoto arudie, na arudie tena, kwa sauti.

"Mimi niko nje, nasikia watu wanacheka."

"Tulishinda ile kesi," Nyaruai alisema kwa sauti ya chini.

"Wewe ulishinda. Fridah alitoka hapo akanyamaza. Kwa shule walikuwa wanamuita Kesi, akaacha shule. Sasa ako na miaka kumi na saba na hatoki kwa boma. Nilikuja kazi hapa nione kama utauliza ako wapi. Siku ya kwanza nikakupea chai. Ukasema asante, ukauliza jina. Basi."

"Siku hizi kuna sheria mpya, tangu mwaka jana. Jeruto atakaa nyuma ya pazia. Watu watatolewa nje."

"Hakuna mtu aliniambia. Mimi ni wa chai." Peris alikitoa kikombe karaini. "Na hiyo pazia, ile mwaka ilikuwa inauzwa wapi?"

Lakini kazi ni kazi. Jerono aliandika maungamo ya Peris, akamsomea, naye akatia sahihi. Faili lilipatikana kabla ya adhuhuri.

Jumatatu Jeruto alitoa ushahidi nyuma ya pazia, shangazi yake akimshika mkono, na Mbogo akarudishwa rumande. Jioni Nyaruai alifika kituo cha polisi na ufunguo wa gari mkononi. Jerono alimpeleka hadi seli ya Peris.

"Nataka kwenda Malakisi," wakili alisema.

"Fridah hana kitu ya kukuambia."

"Ni mimi niliye na neno."

Peris alisogea karibu na vyuma vya seli.

"Ukifika usiingie ndani. Kuna benchi hapo nje. Kaa mpaka akuite."

"Na akichelewa?"

"Mimi nilikaa siku mbili."