Ngazi Saba za Kabasa

Boke alikuwa anachambua dagaa uani, hapo Kabasa, mjini Bunda. Mumewe, Makongoro, akaingia kutoka Musoma na karatasi mkononi, meno yote nje.

"Mama Gloria, ramani ya nyumba yetu hii hapa. Ni ya kaka, kule Kamunyonge. Nimeitoa kopi."

Boke aliitazama. Mbele ya nyumba kulikuwa na ngazi saba. Mama mkwe wake, bibi Nyangi, alikuwa na magoti mabovu. Hata kizingiti kilimtoa jasho.

"Na mama atapandaje?"

"Tutambeba."

"Mimi si gunia," Nyangi akajibu kutoka jikoni.

Jumamosi Sabiha, binti wa jirani, alikuja kuwasalimia. Sabiha ni msanifu majengo. Kazi yake ni kuchora nyumba kabla fundi hajashika mwiko. Boke akamwonyesha ile karatasi.

"Baba Gloria, kule Kamunyonge kaka yako amejenga juu ya mwamba," alisema Sabiha. "Kiwanja chenu ni tambarare. Ngazi za nini? Ramani si sare ya shule, kila mtu avae ileile."

Makongoro akakuna kichwa. "Huku tunaigaga tu. Wasanifu tutawapata wapi?"

"Hapo umesema kweli. Italia, kila watu mia nne hivi wana msanifu mmoja. Kwetu, mmoja anagawanywa kwa makumi ya maelfu ya watu."

"Kumbe wewe ni wa Kabasa yote," alisema Boke.

"Na Nyamuswa juu yake," Sabiha akacheka. "Kwa hiyo msiniite mmoja mmoja. Mnaotaka kujenga, kusanyikeni. Nitapita viwanja vyote siku moja, gharama mgawane."

Kidole kimoja hakivunji chawa. Boke alizunguka mtaani, akapata majirani wanne. Sabiha alipima kila kiwanja. Aliuliza jua linachomea wapi na maji ya mvua yanapita wapi. Kwa Makongoro aliuliza kwanza nani ataishi humo.

Nyumba ikaisha. Mlango ulikuwa mpana, na badala ya ngazi kulikuwa na mteremko mdogo wa zege.

Siku ya kuhamia, Makongoro alimnyooshea mama yake mkono. Nyangi akausukuma kando. Alipanda taratibu, akapita mlangoni, akavuka sebule. Boke alifurahi mpaka machozi yakamtoka.

"Mbona mmesimama nje kama wageni?" bibi akaita kutoka ndani. "Karibuni kwangu."